Mjomba wa Mtoto Yesu

Mtu wa kwanza kumcheka Dominiko alikuwa Dominiko mwenyewe, na hilo ndilo lililomwokoa, maana waliofuata walikuwa wengi. Alikuwa kijana wa Kiluguru, mrefu, mwembamba, mwenye vidole visivyotulia, na kazi aliyoichagua haikuwa na jina kwao. Kulima kulikuwa na jina. Kufua chuma kulikuwa na jina, hata kurina asali. Lakini kuchora watu ukutani kule milimani walikuita kuchezea udongo, na mchezo huo husamehewa watoto tu.

Ilikuwa enzi ya Mdachi. Gari moshi lilikuwa limekwisha kufika Morogoro, na vijana walikuwa wanashuka milimani mmoja mmoja kwenda kuona ni kitu gani hicho kinachopiga kelele hivyo. Dominiko hakufika mbali. Aliishia misheni, katikati ya mteremko, ambako mapadre walikuwa wamejenga kanisa la mawe lenye ukuta mkubwa mweupe nyuma ya altare. Siku moja akachora kwa mkaa, mlangoni pa jiko la misheni, sura ya mpishi aliyesinzia kazini. Ilifanana mno, mpishi akakemewa, na Padre akamwita mchoraji.

"Wewe utanipambia ukuta wangu," Padre alisema. Alikuwa Mzungu mzee mwenye ndevu za kufika kifuani na Kiswahili alichojifunza pwani. "Lakini kwanza ujifunze."

Dominiko akaenda kumwomba ruhusa mjomba wake. Kwa baba yake hakwenda, na wala baba yake hakuona vibaya. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba huoa, hulea, hupendwa na watoto wake, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Ndiye ampaye shamba, ndiye amwozeshaye, na mtoto akikosa ndiye aendaye kumsemea barazani. Akifa, mpwa hulirithi jina lake. Mtu asiye na mjomba ni kama hakuzaliwa vizuri.

Mjomba wake huyu, Pazi, alikuwa kaka wa mama yake tumbo moja. Mfupi, mkavu, mwenye paji la uso lililokunjamana kwa kulalamika. Mvua ikichelewa alilalamika, ikiwahi alilalamika, ikija siku yake alisema ina hila. Hakuwa mtu wa msikiti wala wa kanisa, alikuwa mtu wa shamba. Na shamba lenyewe lilikuwa limebaki bila watu, kwa sababu mpwa mmoja alikwenda kulaza reli hakurudi, na mwingine alikwenda kwenye machimbo ya ulanga, yale mawe yang'aayo ambayo Wadachi waliyapenda sana. Aliyebaki ni Dominiko, na ndiye aliyetazamiwa kulishika shamba na jina.

"Mwaka mmoja," Pazi alisema. "Mvua za vuli zikirudi nitashuka kukutazama. Nikikuta umekuwa fundi, tutazungumza. Nikikuta unachezea udongo, utarudi nami tukauchezee pamoja, huo wenye mahindi ndani yake."

Basi Dominiko akashuka na mwaka wake mkononi, na akauanza kwa malaika.

Malaika huyo alimchora kwenye ukuta wa nje wa shule. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba rangi hushika vizuri ikikorogwa kwa uji wa muhogo, na mwingine akamwambia hushika zaidi ikitiwa chumvi. Dominiko hakuwa mtu wa kudharau ushauri, akavitia vyote viwili. Rangi ilishika kweli. Asubuhi yake mbuzi wa misheni wakauona ukuta ule, wakaulamba kwa furaha, na walipofukuzwa malaika alikuwa hana miguu kuanzia magotini.

"Si neno," alisema Severini, mwalimu wa dini. "Malaika ana mabawa. Miguu ya nini?"

Huyu Severini alikuwa wa ukoo ambao ni watani wa ukoo wa Dominiko, kwa hiyo alikuwa na haki ya kumsema atakavyo, na haki hiyo hakuiacha ikae bure. Kila Jumapili baada ya misa alimwuliza mbele ya watu kama mbuzi wameshiba.

Kisha ikaja buluu. Dominiko alishuka hadi kwenye duka la Mhindi karibu na stesheni, akanunua buluu ya kufulia nguo, akamvika nayo Bikira Maria joho la kupendeza katika kanisa dogo la pembeni. Hakufikiri juu ya paa. Mvua ya masika ilipovuja, joho la Maria lilichuruzika lote likamwangukia Mtakatifu Petro, ambaye alikuwa amechorwa chini yake kwa udongo wa manjano, na Petro akawa kijani kuanzia upara hadi makubazi. Padre alisikitika. Dominiko naye alisikitika kwa mdomo, lakini moyoni alikuwa anashangilia, maana tangu aanze kazi alikuwa anatafuta namna ya kupata kijani. Tangu siku hiyo alipoulizwa alijifunzia wapi kuchanganya rangi, alijibu kwa upole kwamba alifundishwa. Hakuongeza kwamba mwalimu alikuwa paa bovu.

Halafu ulanga. Yule mpwa mwenzake wa machimboni alimletea kipande, na Dominiko akakitwanga katika kinu cha mama yake. Ugali wa nyumba nzima ulimetameta kwa siku kadhaa, na mama yake hakusema naye. Unga ule wa ulanga aliupaka kuzunguka vichwa vya watakatifu ili wang'ae nuru, nao waking'aa, taa ya altare ikiwashwa, hata mwenye dhambi ngumu alitulia. Kwa bahati mbaya alikuwa amelewa ufundi. Akawapaka watakatifu, akawapaka kondoo, akampaka na shetani.

"Kwa nini shetani anang'aa?" aliuliza Padre.

"Ulanga ulibaki, Baba Padre."

Lakini ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Katikati ya mwaka Dominiko alikwisha jiona fundi. Alitembea na brashi ya nyuzi za mkonge nyuma ya sikio ili wasichana wa mtoni wajue ni nani anayepita. Siku moja rangi nyekundu ikamchuruzika shingoni asijue. Wasichana walimtazama sana siku ile, naye akatembea polepole ili watosheke, hata alipofika nyumbani mama yake akamwuliza sikio limeanza kutoa damu lini.

Kicheko hicho alijicheka mwenyewe, peke yake, juu ya jukwaa la miti alilokuwa amejengewa kanisani. Na hapo alipokuwa anacheka aliwatazama watakatifu wake wote, mmoja baada ya mwingine, akaona neno ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia. Wote walikuwa wanaumwa tumbo. Alikuwa amewanakili kutoka kwenye vijipicha vya Ulaya ambavyo Padre huvitia katika kitabu cha sala, na kila alipojaribu kuwapa uchaji, ulitoka ugonjwa. Alijua kuchanganya rangi. Alijua chokaa ikae muda gani kabla ya kupakwa. Lakini mtu hakuwa amemchora hata mmoja, tangu yule mpishi. Hilo lilimwuma, na vuli ilikuwa inakaribia.

Ndipo Padre akampa ukuta mkubwa. Alimpa na kijipicha cha Familia Takatifu, kidogo cha kutosha kiganjani: Maria, Mtoto Yesu, na Yosefu. "Usinakili tu," alisema akiwa tayari amevaa buti za safari, kwani alikuwa anakwenda kuzungukia vigango, yale makanisa madogo ya vijiji vya mbali. "Nataka watu wa hapa wakiingia waione familia, na waijue kuwa ni familia."

Dominiko alikaa na kijipicha kile kutwa nzima. Kuna kitu kilikuwa hakikai sawa, hakujua ni nini. Alikigeuza huku na huku, akakisogeza dirishani. Jioni ndipo alipoona, akakaribia kujipiga kofi kwa ujinga wake wa kuchelewa. Mjomba hayumo.

Mama yupo, mume wa mama yupo, mtoto yupo, na mwenye mtoto hayupo. Alimwonea huruma mchoraji wa Ulaya. Karatasi ilikuwa ndogo, maskini, nafasi ilimwishia. Au pengine walikotoka wamezoea mno kumwona mjomba hata hawaoni haja ya kumchora. Lakini ukuta wa misheni ulikuwa mpana, na Padre mwenyewe alisema watu waijue kuwa ni familia. Dominiko akaamua kuwasaidia Wazungu katika jambo hili, wala hakudai shukrani.

Akawapanga hivi: Maria ameketi na buluu yake, safari hii mahali pasipovuja. Yosefu pembeni, mtu mwema, amebeba mzigo wa kuni, kama mume yeyote anayeishi ugenini kwa mkewe na anataka kuonekana ana faida. Na katikati, nyuma ya mtoto, mjomba amesimama na mkono wake juu ya kichwa cha mtoto. Ulanga akampaka wa kutosha, zaidi kidogo ya Yosefu, kwa heshima.

Sura ya mjomba hakuitafuta. Alipoinua brashi ilikuja yenyewe: lile paji lililokunjamana, ile midomo inayoikaripia mvua, yale macho yanayokutazama kana kwamba umevunja kitu na anangoja ukisema mwenyewe. Alipaka bila kushuka kula. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akakaribia kuanguka jukwaani, kisha akaogopa. Yule mtu ukutani hakuwa anaumwa tumbo. Alikuwa Pazi, naye alikuwa anampenda yule mtoto. Dominiko hakuwahi kuliona pendo lile usoni mwa mjomba wake wa nyama na damu, wala hakujua brashi yake ilikuwa imelitoa wapi.

Wakristo walipoingia Jumapili hakuna aliyeshtuka. Walitazama, wakaitikia kwa vichwa, wakapiga magoti. Severini alisimama mbele ya ukuta ule kwa muda, na Dominiko akajiandaa kusikia habari za mbuzi.

"Leo umechora," Severini alisema. Kisha, kwa kuwa mtani ni mtani, akaongeza, "Ila Yosefu umemkondesha."

"Kuni ni nzito."

Padre alirudi Jumatano, akaingia kanisani na vumbi la safari. Alipiga ishara ya msalaba, akainua macho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu wa katikati," alisema taratibu, "ni Mungu Baba?"

"Hapana, Baba Padre. Ni mjomba."

"Mjomba wa nani?"

"Wa Yesu."

Padre aliketi kwenye benchi. Hakufoka, na ingekuwa afadhali afoke. Alieleza kwamba Yesu hakuwa na mjomba, kwamba hakuna mahali palipoandikwa mjomba, kwamba aliyepewa kumlea ni Yosefu, na Yosefu huyo sasa amegeuzwa mchukuzi wa kuni. Askofu atakuja kabla ya Noeli. Akilikuta hili, watafukuzwa wote wawili.

"Mfute," alisema. "Umlete Yosefu mahali pake. Umefanya kazi nzuri, Dominiko, uso huu ni mzuri kuliko zote ulizofanya, lakini mfute. Na baada ya hapo nafikiri urudi kwenu. Nilikuambia ujifunze. Sikukuambia utuongezee Injili."

Kesho yake asubuhi Dominiko alikuwa juu ya jukwaa na ndoo ya chokaa. Alikuwa amekwisha jicheka usiku kucha hata kicheko kikamchosha. Mwaka mzima: malaika asiye na miguu, Petro wa kijani, shetani wa ulanga, na mwisho, alipomchora mtu kweli, akamchora mtu asiyekuwepo. Alichovya brashi, akaiinua. Alipokuwa bado ameiinua akasikia kikohozi mlangoni, na kikohozi hicho alikijua tangu utoto wake. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza juzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Shuka, nikuone kama umenenepa."

Hakushuka. Alibaki na brashi hewani, chokaa ikimdondokea mkononi, wakati Pazi anatembea katikati ya kanisa kwa mwendo wa mtu aliyeingia nyumba ya watu na hataki kugusa kitu. Alifika mbele, akainua uso. Alijiona.

Pazi alijitazama miguu, akajitazama kifua, akakazia pale mkono ulipo.

"Mtoto huyu wa nani?"

"Wa Maria, yule aliyeketi."

"Na mimi ni nani?"

"Kaka yake. Mjomba wa mtoto."

"Na yule mwenye kuni?"

"Yosefu. Mume wa mama."

Pazi aliitikia kwa kichwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. "Mbona umeshika chokaa?"

Dominiko akamwambia. Alijaribu kulisema kwa mzaha, kama alivyozoea, kwamba amemzalia Mungu shemeji bila kuulizwa, lakini mzaha uliishia njiani. Akasema ameambiwa amfute, na akishafuta arudi nyumbani, kwa hiyo mjomba hakuja bure, wanaweza kuondoka pamoja kabla mvua haijaharibu njia.

Pazi alikuwa ameuona msalaba mkubwa wa mti uliotundikwa kando ya altare, na mtu aliye juu yake.

"Na huyo aliyepigiliwa?"

"Ndiye huyo huyo mtoto, mjomba. Alipokua."

"Alifanya kosa gani?"

"Hakufanya. Walimsingizia, wakampeleka barazani kwa mkubwa wa Serikali, wakamhukumu."

"Wajomba zake walikuwa wapi?"

"Padre anasema hakuwa nao."

Pazi aliutazama msalaba, akamtazama mtoto ukutani, akaurudia msalaba. Uso wake haukuwa na lawama hata kidogo, na Dominiko hakuwahi kuuona hivyo. "Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumsemea," alisema, si kwa kuuliza. Kisha akageuka akatoka nje, na Dominiko akaruka jukwaani na brashi yake, akamfuata.

Alimkuta amekwisha simama mbele ya Padre barazani. Hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Mimi ni Pazi. Huyu ni mpwa wangu. Nasikia amekosa."

"Ni kosa dogo, mzee," alisema Padre, akimtazama na kuutambua polepole ule uso wa ukutani, akabadilika rangi. "Ni picha tu."

"Dogo au kubwa, kwetu mtoto akikosa haambiwi mtoto. Huitwa mjomba. Hukuniita."

"Sikujua."

"Sasa unajua. Kosa nimelipokea. Picha ataifuta, na mimi sitamkataza, nyumba ni yako. Lakini kumfukuza, hilo utaniambia mimi, nami sijakubali."

Padre alimgeukia Dominiko, akamrudia mzee. "Aliniambia wewe ndiwe unayemtaka arudi. Aliniambia mvua za vuli zikirudi ungekuja kumchukua."

"Ndivyo. Namtaka hata sasa. Mahindi yangu yatapandwa na nani, mimi sijui. Nimebaki peke yangu kule juu, na mgongo huu si wa jana." Aliyasema haya bila kumtazama Dominiko. "Nilikuja kumtazama kama amekuwa fundi. Nimemtazama. Mpe mwaka mwingine. Akikosa tena, nitashuka tena."

"Mzee," alisema Padre kwa upole, "kwa nini unajisumbua hivi, ikiwa wewe mwenyewe unamhitaji?"

Pazi alionyesha kwa kidevu kuelekea kanisani.

"Mtoto wenu yule hakuwa na mtu wa kumsemea," alisema, "na nimeona walivyomfanya. Huyu anaye."

Padre aliinamisha kichwa, akasema kijana abaki. Pazi aliaga, akalalamika kidogo juu ya utelezi wa njia, akakataa chakula, na akaanza kupanda mlima peke yake. Dominiko alisimama na chokaa hadi viwikoni, akimtazama hadi migomba ikamficha.

Kisha akarudi ndani, akapanda jukwaani. Alifuta miguu, akafuta kifua, akafumba macho alipofuta uso. Mkono uliokuwa juu ya kichwa cha mtoto aliuacha wa mwisho, na alipoupitishia chokaa, mtoto akabaki kichwa wazi. Mwaka mzima hakuna aibu aliyokosa kuicheka. Siku hiyo aliketi juu ya miti ile, brashi mapajani, akamlilia yule mtoto.